Kipande cha Tatu Hakikuanguka

Waliokuwapo kwenye eneo la maegesho, siku ya Jumamosi saa tatu na robo asubuhi, kwa mpangilio ulioandikwa na Koplo katika daftari lake, ni hawa: Inspekta, mpelelezi wa kituo, mwanamke wa makamo; Koplo mwenyewe; Mwenyekiti wa kamati ya wakazi, karani mstaafu, nyumba namba moja; Muuguzi, mstaafu vilevile, nyumba namba mbili; Bwana Bado, mtu asiye na kazi inayofahamika, nyumba namba tatu, pamoja na mama yake mzazi, ambaye aliletewa kiti; Mshonaji, nyumba namba nne; Baba Pacha, fundi wa magari, nyumba namba tano; na Fundi Seremala, aliyeujenga ukuta. Gari la Mwenyekiti lilikuwapo pia, ila halikuonekana.

"Koplo," alisema Inspekta baada ya kuisoma orodha hiyo mara mbili, "sentensi ya mwisho ifute. Gari si mtu."

"Sawa, afande. Lakini ndilo lililoumia."

Gari lenyewe, la pekee lililolala pale usiku ule, lilikuwa limefukiwa na udongo mwekundu hadi madirishani. Kilichobaki nje ni paa na antena ya redio, ambayo Mwenyekiti alikuwa ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeushika mkono wa mgonjwa.

Eneo lile lilichongwa kwenye ubavu wa mteremko, na ili mteremko usishuke kuwaamkia wenye magari, wakazi walijengewa ukuta wa mbao wenye kimo cha kifua cha mtu mzima. Ulikuwa na vipande vitano, kila nyumba na kipande chake, kila gari na kipande nyuma yake. Ukuta ulikabidhiwa wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ilianza Jumatano, ikanyesha siku tatu bila kupumua, na kulipopambazuka Jumamosi vipande vinne vilikuwa vimelala kifudifudi, udongo umemwagika juu yake. Kipande cha tatu, cha nyumba ya Bwana Bado, kilisimama peke yake katikati, wima kabisa, kama jino lililosahauliwa kinywani.

"Afande, kesi hii haihitaji hata kukuna kichwa," alisema Mwenyekiti, akimkabidhi Inspekta karatasi tatu zilizochapwa na kubanwa vizuri. "Nakala moja yako, moja yangu, moja ya faili. Vipande vinne vimeanguka, kimoja kimesimama. Kilichosimama ni cha nani? Cha huyu. Gari hana, na wenye magari hatupendi. Wewe tia saini hapo chini, mengine tutayamaliza kikaoni saa sita."

"Kikaoni mtamaliza nini?"

"Kanuni ya kumi na moja. Mkazi akishtakiwa kwa kuharibu mali ya wote, anahama ndani ya siku thelathini. Yeye na aliye naye."

Aliye naye alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono juu ya mkongojo, akisikiliza kila neno. Mama huyo alikuwa ameishi nyumba namba tatu kwa miaka ishirini na miwili, nayo ilikuwa nyumba pekee mtaani ambayo mlango wake haukuwa na ngazi hata moja. Magoti yake yalikwishakataa ngazi muda mrefu. Kwa hiyo saini aliyoombwa Inspekta ilikuwa saini ya kumtoa bibi huyu mlangoni pake, na wote waliokuwapo walilijua hilo, ingawa wengi wao walikuwa wakitazama miti.

"Mwanangu," bibi alimwambia Inspekta, "huyu wangu ni mvivu. Sikatai, nimemzaa mwenyewe. Lakini kuangusha ukuta ni kazi. Huyu na kazi, wapi na wapi?"

"Mama!" alilalamika Bwana Bado.

"Nyamaza, nakutetea."

Inspekta alikiri moyoni kwamba hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote alizozisikia asubuhi ile. Kwa bahati mbaya haikuwa ushahidi. Alimwita Bwana Bado pembeni, akamsimamisha mbele ya kipande kilichosalia, na Koplo akaifungua kalamu.

"Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande."

"Ukiwa na nini?"

Bwana Bado alitazama viatu vyake. "Mtaimbo."

"Mimi mwenyewe nilimwona kutoka dirishani!" Muuguzi alipaza sauti kutoka kule waliposimama wenzake. "Kasimama mbele ya ukuta umelala, mtaimbo mkononi, kama mwindaji na mnyama wake!"

"Dada, subiri zamu yako," alisema Inspekta bila kugeuka. "Mtaimbo ulikuwa wa nini?"

"Nilikuwa naurudisha kwa Baba Pacha. Niliuazima."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Ni kweli!" Baba Pacha alidakia kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea. "Mtaimbo wangu huo! Mimi nikaenda kununua mwingine! Kila nikimuuliza, ananiambia bado!"

"Na kwa nini ukaamua kuurudisha leo, tena saa kumi na mbili?"

"Mama alisema nisipoufikisha kabla ya chai, chai sitaiona."

Koplo aliandika yote, hata habari ya chai. Inspekta aliuomba mtaimbo, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa na kutu kutoka kichwani hadi mkiani, na kwenye ile panda inayong'olea misumari palikuwa pametandwa utando wa buibui, mzima, mkavu, umefumwa vizuri. Katikati ya utando mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amejikunyata.

"Koplo, unaona nini?"

"Buibui, afande. Nimwongeze kwenye orodha ya waliokuwapo?"

"Andika kwamba utando haujakatika. Mtaimbo ulioangusha vipande vinne vya ukuta hauwezi kuondoka na mpangaji wake yuko kitandani."

Aliinama kwenye mbao zilizoanguka. Aliukagua ubao mmoja baada ya mwingine, akipitisha kiganja kwenye kingo. Hapakuwa na jeraha la chuma popote. Aliupima mwinamo wa nguzo: zote zilikuwa zimelalia upande wa magari, hakuna iliyovutwa kushoto wala kulia, na skrubu zilikuwa zimekatika kwa kusukumwa kutoka nyuma. Mtu mwenye nia mbaya angesimama upande wa mbele na kuvuta. Ukuta huu ulisukumwa na kitu kilichokuwa nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila mteremko.

Hilo lilimwelekeza kwa mtu wa pili katika mawazo yake, naye ni yule aliyekuwa amejibanza nyuma ya wote, kofia mkononi, akiutazama ukuta kama baba anayeutazama mtihani wa mwanawe.

"Fundi, njoo. Mbao ulizotumia zilikuwa nzima?"

"Afande, choma kisu chako popote."

Inspekta alichoma mahali saba, katika vipande vyote vitano. Kisu kiligoma mara saba. Mbao zilikuwa ngumu, zimelowekwa dawa hadi moyoni.

"Nguzo zimekwenda chini kiasi gani?"

"Kimo kile kile zilichotoka juu. Na nyuma ya kila nguzo nimelaza ubao mrefu ulioingia ndani ya mteremko. Sisi tunauita nanga, kwa sababu ndio unaoushika ukuta. Hizo nanga ndizo zinazogawa vipande. Kila kipande kiko peke yake, kama droo za kabati. Nyuma ya kila droo nimejaza kokoto."

"Kwa nini kokoto?"

"Maji yapite. Udongo mkavu ni mzigo, afande, lakini udongo uliokunywa maji ni mzigo mara mbili. Ukuta wa mbao haupigani na maji, unayapisha. Ndiyo maana kati ya ubao na ubao niliacha mwanya wa kidole. Siku ya kukabidhi nilisimama pale pale, nikawaambia wote kwa sauti: mianya hii msiiguse, hapa ndipo ukuta unapovuta pumzi."

Inspekta aliugeukia tena ukuta, na safari hii alitazama kile ambacho angepaswa kukitazama tangu mwanzo. Kwenye kipande cha tatu, chini ya kila mwanya, michirizi ya matope ya kahawia ilikuwa imekaukia kwenye mbao, mingi mingi, kama mashavu ya mtoto aliyelia akalala. Alirudi kwenye vipande vilivyoanguka, akaupindua ubao, na mwingine, na mwingine. Uso wa kila ubao ulikuwa msafi. Hapakuwa na hata mchirizi mmoja.

"Fundi," aliuliza polepole, "mianya yako iko wapi?"

Fundi Seremala alipiga goti, akapitisha ukucha ukingoni mwa ubao wa kipande cha pili. Ukucha ulikutana na kitu kigumu, cheupe, kilicholainishwa kwa ustadi. Alitambaa hadi kipande cha nne: ukucha ulizama kwenye kitu laini. Kwenye kipande cha tano ulinata. Fundi alifungua kinywa, na kifua chake kikajaa hewa ya kutosha kuamsha mtaa mzima.

"Meza hiyo pumzi," alisema Inspekta kwa sauti ya chini. "Ukipiga kelele sasa, kila mmoja ataruka, na mimi nitabaki na karatasi za Mwenyekiti. Nipe dakika kumi."

Kwa miaka kumi na tisa kazini alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu wahojiwa: ukiwauliza nani ameharibu, hutapata mtu, ukiwauliza nani amesaidia, utakosa pa kuwapanga. Aliwakusanya wote mbele ya kiti cha bibi, akavua kofia, akalainisha sauti.

"Ndugu zangu, kabla sijaandika jina la mkosaji, haki inanitaka niandike pia wema. Katika kuukagua ukuta huu nimegundua kwamba kuna mtu aliutunza kwa mapenzi makubwa. Kwenye kipande cha pili, mianya imezibwa kwa kazi safi sana. Nasikitika kwamba mtu huyo hatajulikana."

Muuguzi alikohoa.

"Sikutaka kusema," alisema, akitengeneza kilemba chake. "Mimi si mtu wa kupenda sifa. Ila ile ni bendeji na plasta, ile tunayofungia mifupa iliyovunjika. Tabaka tatu. Niliifanya Jumanne moja wenzangu wakiwa kazini."

"Hongera, dada. Koplo, andika: tabaka tatu."

"Afande, kama ni kazi safi, hukufika kipande cha nne?" aliuliza Mshonaji, na sauti yake ilikuwa imeumia kidogo. "Yule katumia plasta tu, kapaka basi. Mimi nimekata vitambaa, nikavikunja mara nne, nikavipiga mshono, nikavisokomeza kwa mpini wa kijiko. Rangi nimeifananisha na mbao. Mtu akiwa mbali hajui kama pana kitu."

"Vitambaa vinaoza, jirani," alisema Baba Pacha kwa huruma. "Nimenyamaza siku zote nisikuvunje moyo. Mimi kipande cha tano nimetia gundi ile ya kubandikia kioo cha mbele cha gari. Hapiti hata mbu."

"Gundi yako imeanguka sawasawa na vitambaa vyangu!"

"Umeanguka ukuta, gundi iko pale pale! Nenda kaishike!"

"Taratibu, taratibu," alisema Inspekta. "Nimebakiwa na kipande cha kwanza. Mwenyekiti, hapo kwako naona mtu amepaka rangi ya mafuta juu ya kitu. Ni nani?"

Mwenyekiti aliiachia antena kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ni mimi," alisema kwa unyenyekevu uliopigwa pasi. "Kiongozi ni mfano. Nilitumia karatasi, nikazisokota, nikazikandika kwa gundi, kisha rangi tabaka mbili. Karatasi nzuri, za ofisi, si magazeti."

Inspekta alichomoa kisu, akakwangua rangi kwenye ubao wa juu, akavuta msokoto mmoja uliokuwa umebana kama kizibo. Aliukunjua juu ya goti kwa uangalifu mkubwa. Ndani ulikuwa mkavu, na maandishi yake yalisomeka.

"Koplo, njoo unisaidie macho."

Koplo alisoma kwa sauti ile ile anayoitumia mahakamani. "Muhtasari wa kikao cha wakazi. Ajenda ya nne: ukuta wa maegesho. Fundi aliwaeleza wajumbe kwamba mianya iliyo kati ya mbao ni ya kutolea maji. Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba mianya isiguswe na mtu yeyote. Mwenyekiti aliahidi kulisimamia jambo hili binafsi."

Mama yake Bwana Bado alijifuta chozi kwenye jicho moja, au pengine alikuwa akicheka. Kwa umri wake vitu hivyo viwili hufanana.

"Fundi," alisema Inspekta, "sasa unaweza kupumua."

Fundi Seremala alipumua. Alikuwa ameitunza hewa ile kwa dakika kumi, lakini ilipotoka ilikuwa imekwisha ukali, imebaki na huzuni tu. "Mmeyafungia maji ndani," alisema. "Siku tatu. Kila mmoja kaifunga droo yake kwa utaalamu wake. Maji yangetokea wapi? Yamesubiri, yamesubiri, yakatoka na ukuta."

"Lakini ilionekana vibaya!" alisema Mshonaji. "Ukuta mpya una nyufa! Wageni wangu walikuwa wanauliza kama fundi alikimbia kabla ya kumaliza."

"Na mimi nilidhani niko peke yangu," aliongeza Muuguzi kwa sauti ndogo. "Nilisema, nikiziba changu peke yangu, kuna ubaya gani? Vya wengine si vitatoa maji?"

Baba Pacha aliitikia kwa kichwa, na Mshonaji naye akaitikia. Mwenyekiti alitaka kuitikia, akakumbuka cheo chake, akaishia kutikisa kidevu. Inspekta aliwatazama mmoja mmoja. Wote wanne walikuwa wamekwenda ukutani kwa siri, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja akiangalia nyuma asionekane akitenda wema. Katika kazi yake alikwishaona njama za kila namna, lakini njama ambayo washiriki wake hawajuani ilikuwa ya kwanza.

"Kwa hiyo kipande cha tatu kilisimama," alisema, "kwa sababu ndicho pekee ambacho hakikuguswa. Bwana Bado, wewe uliitii amri ya Fundi?"

Hapa kila mtu alimgeukia Bwana Bado, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtaa ulimtazama kwa heshima. Ingemtosha kuinamisha kichwa na kukubali. Lakini alikuwa mtu mkweli, pengine kwa kuwa uongo nao una kazi yake.

"Hapana, afande. Mimi pia nilitaka kuziba. Udongo wa mfinyanzi nilishautafuta. Ni vile tu sijaanza."

"Udongo uko chini ya kitanda changu mwezi wa tatu huu!" alisema mama yake. "Ndoo nzima! Naupiga teke kila nikishuka!"

Mwenyekiti aliona upenyo. "Umesikia, afande? Nia alikuwa nayo! Nia ni ile ile!"

"Nia ni ile ile, Mwenyekiti, na ndiyo maana nakuuliza wewe kwanza." Inspekta aliziinua zile karatasi tatu. "Hapa umeandika: aliyesababisha ukuta kuanguka ashtakiwe, na kanuni ya kumi na moja ifuatwe. Nikitia saini, itanibidi nifute jina moja na kuandika mengine manne. Siku thelathini zitaanza kuhesabiwa leo. Wewe ndiwe unayezijua kanuni. Nitie saini?"

Mwenyekiti aliitazama nyumba namba moja, yenye mapazia mapya. Akamtazama Muuguzi, ambaye alikuwa akimtazama kwa jicho la mtu aliyewahi kushika sindano. Akazichukua karatasi zake zote tatu kutoka mkononi mwa Inspekta, akazikunja mara mbili, akakosa pa kuziweka, kwa kuwa mifuko yote ilikuwa imejaa udongo.

"Nadhani," alisema, "kamati ilifanya haraka."

"Basi pangeni kiti cha bibi kivulini, jua limeshapanda," alisema Inspekta, naye akangoja hadi Baba Pacha na Mshonaji walipokibeba kiti pamoja na aliyekikalia, huku bibi akiwaelekeza kushoto, kulia, na tena kushoto kidogo. Kisha akavaa kofia, akasimama mbele ya kipande cha tatu, na Koplo akageuza ukurasa mpya.

"Sikilizeni uamuzi wangu," alisema. "Sheria haina kosa linaloitwa kusaidia bila kuombwa, ingawa nitalipendekeza. Kwa hiyo faili hili nalifunga leo. Bwana Bado hashtakiwi, na mama yake haondoki nyumba namba tatu, kikao kiwepo kisiwepo. Kuanzia Jumatatu Fundi atavijenga upya vipande vinne, na ninyi wanne mtachimba, mtabeba kokoto, na mtafanya atakayowaambia, si zaidi. Ukikamilika, utahitaji mlinzi wa mianya hadi mvua ziishe. Nimetafuta mtu aliyethibitika kwa ushahidi kwamba anaweza kuishi jirani na ukuta miezi mitatu, ana udongo, ana nia, na bado asiuguse. Nimempata mmoja tu. Bwana Bado, kazi ni yako. Usifanye chochote, na wakijaribu kufanya wao, niite."